Soma rekodi kabla ya kubadili nywila: kutazama akaunti ya mtumiaji kwenye hifadhidata ya Kerberos

"Kaka, mashine inanikataa tangu saa mbili, na nywila ni ile ile ya siku zote."

Simu ya namna hii huja karibu kila Jumatatu. Nilipoanza kazi kwenye dawati la msaada nilikuwa na dawa moja tu: namwekea mtu nywila mpya, ananishukuru, tunaagana. Mwalimu mmoja wa chuo nilichokuwa nakihudumia nilimbadilishia nywila mara nne katika wiki moja. Siku ya tano alikuja mwenyewe ofisini akiwa mnyonge, akaniuliza kama kuna mtu anayetaka kumharibia kazi. Ndipo nilipofungua rekodi ya akaunti yake kwa mara ya kwanza. Mistari miwili ya rekodi hiyo ilinipeleka kwenye kompyuta ya maabara, ambako skripti ya muhula uliopita ilikuwa bado inajaribu nywila yake ya zamani na kumfungia akaunti kila siku. Nilikuwa nimemtesa wiki nzima kwa sababu sikusoma.

Mwongozo huu ni wa Kerberos ya MIT kwenye Linux; Kerberos ni mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwenye mtandao. Kerberos ilitokea chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwenye mradi wa Athena wa miaka ya 1980, na toleo la 5 tunalolitumia leo limeelezwa katika hati ya viwango vya intaneti, RFC 4120, ya mwaka 2005. Seva inayotoa tiketi, yaani hati za muda zinazomruhusu mtumiaji kutumia huduma, huitwa KDC. Ndani yake mna hifadhidata yenye rekodi ya kila mtumiaji na kila huduma, na jina la kila rekodi huitwa prinsipali, mfano `juma@CHUO.EXAMPLE`. Kilicho baada ya alama ya @ ni himaya, yaani eneo linalosimamiwa na KDC hiyo. Ikiwa kwenu mnatumia FreeIPA, mfumo wa kusimamia watumiaji unaotumia Kerberos ndani yake, amri yenu ni `ipa user-status juma`, ila maelezo ya kusoma majibu yatawafaa pia.

Hatua ya 1: Pata ruhusa ya kusoma tu

Kuna milango miwili. `kadmin.local` huendeshwa na root (msimamizi mwenye mamlaka yote ya mashine) juu ya KDC yenyewe, nayo haiulizi ruhusa yoyote. `kadmin` hupita kwenye mtandao kupitia bandari 749, hutaka ujitambulishe, kisha huangalia faili la ruhusa. Kwa kazi ya kutazama, tumia huu wa pili. Mtu anayehitaji kusoma rekodi hana haja ya kuwa root kwenye mashine nyeti kuliko zote mlizonazo.

Msimamizi wa KDC amtengenezee kila mhudumu prinsipali yake, mfano `asha/dawati`, halafu aongeze mstari huu kwenye `kadm5.acl`. Faili hilo lipo `/etc/krb5kdc/` kwenye Debian na Ubuntu, na `/var/kerberos/krb5kdc/` kwenye familia ya Red Hat:

```
*/dawati@CHUO.EXAMPLE   il
```

Herufi `i` ni ruhusa ya kusoma rekodi, `l` ni ya kuorodhesha majina. Basi. Nimeona mahali wanapoweka nyota, yaani ruhusa zote, badala ya `il` ili "kurahisisha", na matokeo yake kila mhudumu wa zamu anaweza kufuta akaunti ya mkuu wa taasisi. Ukimaliza kuhifadhi faili, washa upya huduma ya kadmind (ndiyo inayoijibu `kadmin`), la sivyo mabadiliko hayatasomwa.

Kusoma rekodi hakuonyeshi nywila wala ufunguo wenyewe. Hata hivyo kunaonyesha mtu aliingia lini na alishindwa lini, na hizo ni taarifa zake binafsi; Tanzania tuna sheria ya kuzilinda tangu mwaka 2022, na Kenya tangu 2019. Fungua rekodi ya mtu aliyekuomba msaada, siyo ya jirani yake.

Hatua ya 2: Hakikisha jina

```
kadmin -p asha/dawati
kadmin:  listprincs jum*
```

Usiisahau `-p`. Ukiiacha, kadmin itachukua jina lako na kulibandika `/admin` mwishoni, kisha utashangaa kwa nini inakukatalia. Kerberos pia hutofautisha herufi kubwa na ndogo: `Juma` na `juma` ni watu wawili. Mtumiaji anayeletewa ujumbe wa `not found in Kerberos database` mara nyingi ameanza jina lake kwa herufi kubwa, kwa sababu simu imemwandikia hivyo yenyewe.

Hatua ya 3: Fungua rekodi

```
kadmin:  getprinc juma
Principal: juma@CHUO.EXAMPLE
Expiration date: Tue Dec 31 23:59:00 EAT 2024
Last password change: Mon May 06 09:12:40 EAT 2024
Password expiration date: Sat Nov 02 09:12:40 EAT 2024
Maximum ticket life: 0 days 10:00:00
Maximum renewable life: 7 days 00:00:00
Last modified: Mon May 06 09:12:40 EAT 2024 (juma@CHUO.EXAMPLE)
Last successful authentication: Fri Aug 09 16:40:02 EAT 2024
Last failed authentication: Mon Aug 12 08:14:31 EAT 2024
Failed password attempts: 5
Number of keys: 2
Key: vno 3, aes256-cts-hmac-sha1-96
Key: vno 3, aes128-cts-hmac-sha1-96
MKey: vno 1
Attributes: REQUIRES_PRE_AUTH
Policy: wafanyakazi
```

Hatua ya 4: Isome kuanzia chini

Mimi huanzia `Attributes`, maana mstari huo unaweza kubadilisha maana ya mistari yote iliyo juu yake.

Ukikuta `DISALLOW_ALL_TIX`, akaunti imefungwa na msimamizi kwa makusudi. Simama hapo. Uliza aliyeifunga au ofisi ya utumishi kabla ya kufanya lolote. Huenda mtu huyo amesimamishwa kazi na wewe hujaambiwa. Ukikuta `REQUIRES_PWCHANGE`, mtumiaji anatakiwa kuweka nywila mpya kabla ya kupewa tiketi, na programu nyingine hazijui kumwuliza. Mwelekeze atumie `kpasswd` kwenye terminali, shida itaisha.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kuwepo kwa `REQUIRES_PRE_AUTH`, sifa inayomtaka mtumiaji athibitishe kwamba anaijua nywila kabla ya kupewa tiketi. Bila sifa hiyo, KDC haihesabu majaribio yaliyoshindwa wala haiandiki saa za kuingia, na akaunti haiwezi kujifunga hata mtu akikisia nywila usiku kucha. Zaidi ya hapo, msimamizi anaweza kuzima uandikaji wa saa za kuingia kwa KDC nzima kwa `disable_last_success`, ili kupunguza mzigo wa kuandika. Kwa hiyo neno `never` mbele ya `Last successful authentication` si ushahidi kwamba mtu hajawahi kuingia. Tafadhali lishike hili. Ofisi moja ilifuta akaunti "zisizotumika" kwa kufuata neno hilo peke yake, na kesho yake foleni ya watu ilifika kwenye ngazi.

Sasa panda kwenye tarehe. Kuna mbili zinazochanganywa kila siku. `Expiration date` ni mwisho wa akaunti yenyewe, kwa kawaida mwisho wa mkataba. Ikipita, mtumiaji ataambiwa `Client's entry in database has expired`, na nywila mpya haitamsaidia kitu. `Password expiration date` ni mwisho wa nywila tu. Ikipita, `kinit`, yaani amri ya kuomba tiketi, humtaka aweke nyingine papo hapo. Siku ya mfano wetu, 12 Agosti 2024, Juma bado yumo ndani ya tarehe zote mbili.

`Last password change` ilinganishe na maelezo ya mtumiaji. Akisema hajabadili nywila tangu mwaka jana na rekodi inasema jana usiku, angalia jina lililo kwenye mabano ya `Last modified`. Likiwa lake, huenda amesahau, au kuna mtu aliyekuwa na nywila yake. Hilo ni suala la usalama, mpelekee anayehusika.

Mwisho njoo kwenye majaribio. Juma ameshindwa mara 5, la mwisho likiwa 08:14:31. Hapa Waswahili tuna mtego wetu: mtumiaji akisema "saa mbili" anamaanisha 08:00, na mhudumu aliyezoea kuhesabu kwa saa za mashine huenda akatafuta 02:00 na kukuta patupu. Tena kadmin huandika saa kwa majira ya mashine unayoiendesha. Ukiiendesha kwenye seva iliyowekwa UTC, jaribio hilo hilo litaonekana 05:14:31, yaani saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Angalia kama mwisho wa saa pameandikwa EAT au UTC kabla ya kumwambia mtu kwamba anakosea.

Hatua ya 5: Linganisha na sera

Namba 5 peke yake haina maana mpaka ujue kikomo kilichowekwa na sera iliyotajwa kwenye mstari wa `Policy`:

```
kadmin:  getpol wafanyakazi
Maximum password failures before lockout: 5
Password failure count reset interval: 0 days 00:10:00
Password lockout duration: 0 days 00:30:00
```

Nimeonyesha mistari mitatu ya mwisho tu. Kikomo ni 5, Juma amekifikia, kwa hiyo akaunti imejifunga kwa dakika 30 na itafunguka yenyewe 08:44:31. Kujaribu tena akiwa amefungiwa hakumwongezei muda. Muda wa kufungwa ukiwa sifuri, akaunti haifunguki mpaka msimamizi aifungue.

Ujumbe anaouona Juma ni `Client's credentials have been revoked`. Ni maneno yale yale anayoyaona mtu aliyefungiwa na msimamizi kwa `DISALLOW_ALL_TIX`. Hali mbili zilizo mbali kabisa, ujumbe mmoja. Ni rekodi pekee inayokutofautishia.

Hatua ya 6: Angalia kila KDC, kisha logi

Kama mna KDC zaidi ya moja, fahamu kwamba hesabu ya majaribio hainakiliwi kutoka moja kwenda nyingine. Kila KDC ina hesabu yake. `kadmin` huongea na seva kuu tu, hivyo inaweza kukuonyesha sifuri wakati Juma amefungiwa kwenye KDC ya tawini. Mwombe msimamizi wa huko aendeshe amri hii:

```
kadmin.local -q "getprinc juma"
```

Hii ndiyo sababu nywila mpya hudanganya. Kuibadili hurudisha hesabu kuwa sifuri kwenye seva kuu, mtumiaji anaingia, wote mnaamini mmetibu. Kumbe umefuta ushahidi, kwenye KDC nyingine bado kumefungwa, na kile kifaa chenye nywila ya zamani sasa kimebaki nyuma zaidi.

Saa ya kushindwa unayo tayari. Ipeleke kwenye logi ya KDC:

```
grep juma@ /var/log/krb5kdc.log | grep PREAUTH_FAILED
```

Njia ya faili hutegemea mlivyoliweka. Itazame kwenye sehemu ya `[logging]` ya usanidi wenu. Kila mstari utakaotoka una anwani ya IP ya mashine iliyoleta nywila mbovu. Usitishwe na mistari ya `NEEDED_PREAUTH`: hiyo ni salamu ya kawaida kabla ya KDC kupokea uthibitisho, hata kwa mtu aliyeingia vizuri. Anwani ikiwa ya mezani kwa Juma, amekosea kuandika. Ikiwa moja na majaribio yanapishana kwa dakika zile zile, ni programu au skripti. Zikiwa nyingi usizozijua, mwite mtu wa usalama sasa hivi.

Hatua ya 7: Fungua kwa amri inayostahili

Chanzo kikishaondolewa, msimamizi mwenye ruhusa ya kubadili aandike:

```
kadmin:  modprinc -unlock juma
```

Amri hii haigusi nywila. Inaacha muhuri wa saa ya kufunguliwa ambao, tofauti na ile hesabu, hunakiliwa kwenda KDC nyingine, kwa hiyo nako atafunguliwa nakala mpya ya hifadhidata ikifika. Rudia `getprinc juma` na umwombe aingie huku bado yuko kwenye simu.

Ukiwa unatazama rekodi ya huduma badala ya mtu, mfano `nfs/seva1.chuo.example`, jicho lako liende kwenye `vno`, namba ya toleo la ufunguo. Linganisha namba hiyo na inayoonyeshwa na `klist -k` kwenye seva ya huduma. Zikitofautiana, kuna mtu aliyeendesha `ktadd`, amri ya kuweka ufunguo wa huduma kwenye faili, mahali pengine, na `ktadd` hutengeneza ufunguo mpya kila inapoendeshwa, ukaachwa ule wa zamani kwenye seva. Tengeneza faili jipya la funguo kwenye seva hiyo, kisha watumiaji wachukue tiketi upya, maana zile walizonazo zimefungwa kwa ufunguo ambao seva haina.