Kuchapa Usita wa Mui kwa linoleamu: rangi tatu, mabamba matatu

Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, asubuhi hautulii: punda wamebebeshwa mchanga, mikokoteni inaomba njia, mabuibui na makofia yanapishana bega kwa bega. Ukichora kila kitu, picha itakufa. Chora mwendo. Ndivyo walivyofanya wachapaji wa shule ya sanaa ya Grosvenor, iliyofunguliwa London mwaka 1925. Claude Flight alifundisha hapo, na Cyril Power akachapa treni za chini ya ardhi kwa mistari ya kupinda, kila rangi na bamba lake la linoleamu (tandiko la sakafu linalochongeka), bila wino mweusi wa kuzungushia maumbo. Njia hiyo inaufaa mno mji wetu wenye vichochoro vyembamba.

Hatua ya 1: Mchoro. Kuta mbili ziegemeane kuelekea juu. Mgongo wa punda mmoja uendelee kuwa shingo ya anayemfuata. Macho, vifungo, mawe ya ukuta: acha.

Hatua ya 2: Rangi. Manjano ya jua, buluu ya kivuli, kahawia ya miili. Buluu ikilalia manjano unapata kijani bila bamba la nne.

Hatua ya 3: Kuhamisha. Geuza mchoro kabla ya kuupitisha kwa karatasi ya kaboni, kwani chapa hutoka kinyume.

Hatua ya 4: Kuchonga. Hapa usiharakishe. Anika bamba juani kidogo lilainike. Patasi ya ncha ya V ipite kwanza ukingoni mwa umbo, ya mviringo ifuate kukomba penye nafasi. Kwenye mpindo, mkono wa patasi utulie, mkono wa pili uzungushe bamba. Ndipo mstari unatoka mmoja, haukatikikatiki. Ukingo uteremke kwa mshazari, usichimbe chini yake, la sivyo mstari mwembamba utavunjika ukiugandamiza. Mkono unaoshika usikae kamwe mbele ya patasi.

Hatua ya 5: Kuchapa. Tandaza wino wa mafuta juu ya kioo kwa rola mpaka usikie mlio kama wa mafuta ya kukaangia. Anza na manjano. Gundisha mezani pembe ya kadibodi, mabamba yote na karatasi vikae papo hapo kila mara. Tumia karatasi nyembamba, sugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao, inua kona moja uchungulie. Penye upungufu rudisha, sugua tena.

Pwani kuna unyevu, wino hukawia. Usiweke buluu mpaka manjano yasinate kidoleni.