Vifaa vya pamoja vya kupanda miamba: somo la kuanzisha stoo ya chama

Ndugu wanachama wa hapa Tabora, na wenzetu wa Kigoma mlioomba mwongozo huu, karibuni. Swali linalorudi kila mara ni "tuanze kununua nini?" Jibu langu ni kaunta buku. Kamba ya mtu mmoja, mwenyewe anaijua: ameanguka nayo lini, imeburuzwa wapi, imeachwa juani siku gani. Kamba ya chama inapita mikononi mwa watu wengi na hakuna hata mmoja anayeijua yote. Daftari ndilo linaloijua. Kamba ambayo hakuna anayeweza kueleza imepitia nini, kwangu si ya kupandia tena, hata kama inang'aa.

Hatua ya 1: Jueni mnapanda wapi

Vilima vyetu ni vya mawe ya itale, na treni ya Mwanza inatufikisha kwenye mawe makubwa zaidi. Kwa chama kinachoanza, mtindo ni mmoja: kamba inafungwa juu ya mwamba, mpandaji anashikwa na mwenzake aliye chini. Kwa hiyo vile vyuma vya kupachika kwenye nyufa visubiri, ni ghali na vinahitaji mafunzo yake.

Kabla ya kufunga chochote, zungukeni mwamba mtazame nyuki. Hii ni nchi ya asali, na nyuki hawakai kwenye mizinga tu, hata nyufa za mawe ni nyumba zao. Mtu anayening'inia mita 15 juu hana pa kukimbilia.

Hatua ya 2: Kamba mbili, kazi mbili

Kamba ya kupandia lazima ivutike. Mtu akianguka, inarefuka kidogo na kumpunguzia kishindo. Tafuteni unene wa milimita 9.8 hadi 10.2 na urefu wa mita 60. Kwenye ncha yake pawe na namba 1 ndani ya duara, na maandishi EN 892, yaani kiwango cha Ulaya cha kamba hizi. Maana yake kamba ya aina hiyo imeangushiwa uzito wa kilo 80 angalau mara 5 bila kukatika, na kishindo cha mara ya kwanza hakikuzidi kilonyutoni 12 (kilonyutoni 1 ni karibu uzito wa kilo 100).

Kamba ya pili ni ile inayovutika kidogo sana, EN 1891, milimita 10.5 au 11. Kazi yake ni kufungia juu kwenye mawe. Kwa kuwa haivutiki sana, haijisagi sana ukingoni kila mpandaji anapoiegemea. Lakini asitangulie mtu nayo, yaani kupanda kabla kamba haijafungwa juu: akianguka, kishindo chote kinamwishia kiunoni na pale ilipofungwa. Kamba za katani na zile za plastiki za kufungia mizigo zibaki kwenye malori.

Juu ya mwamba fungeni kwenye mawe mawili yasiyotegemeana, na ukingoni mtandike kipande cha zulia kuukuu. Pembe kati ya pande mbili za kamba isizidi nyuzi 60, ambapo kila upande unabeba kama asilimia 58 ya mzigo. Ikifika nyuzi 120, kila upande unabeba mzigo mzima, kwa hiyo hamjagawana kitu. Pale kamba ya kupandia inapopita, wekeni karabina (pete za chuma zenye mlango) mbili za kufunga kwa skrubu, milango yake ikitazama pande tofauti.

Hatua ya 3: Vya mwilini

Kwa kamba moja ya kupandia, hanesi tatu (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kwenye kamba) zinatosha: mpandaji, mshikaji, na anayejiandaa. Chagueni zenye bakoli za kurekebisha kiunoni na mapajani ili zimfae mwembamba na mnene. Helmeti hazihesabiwi hivyo. Jiwe likidondoka halichagui, kwa hiyo kila anayesimama chini ya mwamba avae, hata aliyekuja kupiga picha.

Viatu ndicho kitu pekee cha mwilini ninachoruhusu kutoka mitumba bila maswali mengi. Kikichanika, unateleza na kamba inakudaka. Hanesi, kamba na mikanda ya nailoni ya mitumba, hapana.

Hatua ya 4: Vyuma

Karabina ya kupandia imechapwa nguvu zake ubavuni. Kwa urefu isipungue kilonyutoni 20, na kwa upana ni 7 tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo karabina iliyogeuka na kubeba mzigo kwa upana imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Zile za rangi rangi za kuning'inizia funguo hazina maandishi hayo, na zisiingie stoo kabisa, maana siku moja mgeni atazichanganya.

Hatua ya 5: Alama, stoo na daftari

Kila kitu kiwe na namba. Karabina izungushiwe utepe wa umeme wa rangi ya chama kwenye mgongo, mbali na mlango. Msichonge namba kwenye chuma. Hanesi iandikwe kwenye lebo yake, si kwenye mkanda unaobeba mtu. Kamba msiipake wino wa kalamu yoyote mliyonayo, fungeni kibandiko kwenye ncha.

Stoo iwe kavu, yenye giza, isiyo na panya. Na hapa nasisitiza kuliko popote: isiwe chumba chenye betri za sola au za gari. Asidi ya betri, hata mvuke wake, inaila nailoni bila kubadilisha sura ya kamba. Utaishika utaiona nzima, kumbe imekwisha. Ndiyo sababu hata ndani ya buti la basi tunauliza kwanza kuna nini pembeni.

Kwenye kaunta buku andikeni namba ya kifaa, mwezi na mwaka kilipotengenezwa, siku kilipoanza kazi, nani amekichukua, amekirudisha lini, na kimepatwa na nini. Safu hiyo ya mwisho iwe pana.

Kamba ikirudi, ikaguliwe na watu wawili. Mmoja anaipitisha vidoleni polepole, sentimita kwa sentimita, macho akiyafumba kama anaweza. Anatafuta mahali palipolainika, palipobapa au palipovimba. Akipashuku, anapinda kitanzi kidogo: kamba nzima inatengeneza duara, iliyoumia ndani inakunjika kama karatasi. Kama jeraha liko karibu na ncha, kateni na muunguze ncha mpya kwa moto. Kisha andikeni urefu mpya siku hiyo hiyo, na mjue alama ya katikati sasa inadanganya. Watu hushushwa kwa kamba fupi wakidhani ni ndefu, ncha ikachomoka mkononi mwa mshikaji. Fundo kwenye ncha ya chini liwe sheria.

Kamba inayotumika kila wiki ihesabiwe maisha ya mwaka mmoja hivi. Tengeni kila mwezi sehemu moja ya 12 ya bei yake kutoka kwenye michango. Hata isipotumika kabisa, ikifikisha miaka 10 inaondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Sisi tuko Kigoma, karibu na maji. Karabina zetu hazitaliwa na kutu?

Marahaba mwanangu. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, si ya chumvi, na kinachoharibu vyuma vya pwani ni chumvi. Ninyi ogopeni unyevu: msifungie kamba mbichi kwenye mfuko. Iosheni kwa maji yasiyozidi nyuzi 30 na sabuni ya kawaida isiyo kali, muianike kivulini. Dawa ya kung'arishia nguo isiiguse.

Kaka, kuna mgeni ametuachia kamba ndefu, inaonekana mpya kabisa. Tuiandikishe?

Hapana. Mshukuruni, kisha muikate vipande vya mita 3 vya kufundishia mafundo. Msipoikata, baada ya mwaka mtu ataikuta stoo na kuibeba kwenda mwambani.

Tunataka kwenda kwenye barafu. Tununue skrubu za kupachika kwenye barafu na sururu mbili mbili?

Nafurahi mna hamu hiyo, ila msianzie huko. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Safari ya barafu inayofaa chama kama chetu ni kilele cha Margherita, Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mita 5109, na pale unahitaji kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu), sururu moja iliyonyooka, hanesi na kamba, pamoja na mwongozaji. Kramponi na sururu hukodishwa huko huko. Skrubu na sururu zilizopinda ni za kuta za barafu, huku zitakaa stoo.

Mkija kununua kramponi, chagueni za kufunga kwa mikanda, zinakubali viatu vya aina nyingi vigumu, na mzijaribu na kiatu chenyewe hapa nyumbani. Zikirudi, zikausheni na mpake mafuta kidogo. Zikiwa butu, zinoeni kwa tupa, kwa mkono. Msimpelekee fundi mwenye mashine ya kunolea: joto la jiwe linaua ugumu wa chuma, na meno yatapinda mlimani.

Karabina imeanguka toka juu hadi kwenye mawe. Bado nzima?

Ikiwa ilianguka kimo cha mtu, ikagueni: hakuna ufa, hakuna pengo, mlango unarudi wenyewe kwa kasi. Ikiwa ilitoka juu ya mwamba, chama kiiondoe. Karabina moja chama kinamudu.

Dada mtunza fedha anauliza: anayeharibu kifaa alipe?

Anayepoteza alipe. Anayeharibu na kusema, asilipe hata senti, na ninaomba mkutano uliandike hilo. Tukitoza faini, kamba iliyokatwa na jiwe itarudishwa imeviringwa vizuri, kimya kimya, na Jumamosi inayofuata atafungwa nayo mtoto wa mtu. Nimeshaongeza safu ya "nimeona tatizo" kwenye daftari, na si lazima kuandika jina.