Kumfundisha Binti Tenisi Katika Ua Mfinyu: Njia ya Marion Bartoli kwa Mzazi wa Tanga

Mzazi wa Ngamiani au Makorora anayetamani binti yake acheze tenisi hukutana na kikwazo kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni nafasi. Uwanja kamili wa mchezo wa mmoja kwa mmoja una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23, na hapo bado hujahesabu sehemu ya kurudi nyuma wala ya kukimbilia pembeni, ilhali ua wa nyumba katika zile barabara za namba mara nyingi haufikii hata robo ya eneo hilo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuanza katika ua wa aina hiyo kwa kufuata mbinu zilizomlea Marion Bartoli, Mfaransa aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon mwaka 2013, ambaye uchezaji wake ulitokana kwa sehemu kubwa na ufinyu wa mahali alipojifunzia.

Bartoli alizaliwa Le Puy-en-Velay tarehe 2 Oktoba 1984 na akakulia katika mji mdogo wa Retournac. Baba yake, Walter, alikuwa daktari wa tiba, hakuwa mwalimu wa michezo, na alimfundisha binti yake baada ya saa za kazi. Kiwanja walichokuwa nacho kilikuwa na ukuta karibu sana na mstari wa nyuma. Mtoto wa kawaida akijiwa na mpira wa kasi hurudi hatua mbili tatu ili apate muda wa kujipanga, lakini yeye hakuwa na pa kurudi, kwa hiyo ilimlazimu aufuate mpira mbele na kuupiga ungali unapanda. Mwaka 1992 baba huyo alimwona Monica Seles akimshinda Steffi Graf katika fainali ya Roland Garros, mashindano makuu ya tenisi ya Ufaransa, kwa kushika raketi kwa mikono miwili pande zote, kulia na kushoto, akaona kwamba mtindo huo ungemfaa binti yake, kwa sababu mikono miwili humwezesha mtoto kupiga kwa nguvu bila kuvuta raketi mbali nyuma ya mwili. Jambo la kuiga hapa ni utaratibu wa fikra zake, maana alitazama kwanza mahali alipokuwa, kisha ndipo akachagua mtindo.

Basi anza na ukuta. Tafuta ukuta uliopigwa plasta, usio na dirisha, na usiopakana na chumba cha mpangaji mwingine, kwa kuwa mdundo wa mpira husikika ndani kuliko unavyodhani, na mafunzo mengi huvunjwa na jirani kabla hayajavunjwa na mtoto. Sakafu iwe ya saruji, kwani kwenye mchanga mpira hufa. Chora kwa chokaa mstari wenye kimo cha sentimita 91 kutoka chini, ambao ndio urefu wa wavu katikati ya uwanja, kisha chora juu yake mstari wa pili kwenye kimo cha mita moja na nusu. Mpira wote unaopigwa uguse ukuta kati ya mistari hiyo miwili. Sakafuni chora mstari umbali wa mita nne hivi kutoka ukutani, na mwingine hatua moja nyuma yake. Binti hucheza mbele ya huo wa nyuma na haruhusiwi kuukanyaga, hata mpira ukija kasi. Mstari huo wa pili ndio ukuta wa Retournac, na usiulegeze kwa huruma.

Mipira ya mitumba si mibaya ilimradi ujue hali yake. Kwa kanuni za mchezo, mpira mzima ukiangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 kwenye sakafu ngumu hudunda hadi kati ya sentimita 135 na 147. Panda kwenye kiti imara, uangushe kila mpira kutoka kimo hicho ukiwa umeweka alama ukutani, na utenge makundi mawili. Inayodunda chini ya kipimo humfaa mtoto wa miaka sita hadi minane, kwa kuwa humpa muda wa kuufikia mpira usiompita kichwani. Iliyo hai mwekee mkubwa, kwani mpira uliokufa hauwezi kumfundisha mtu kuuwahi ukiwa unapanda. Raketi ya mtu mzima ina urefu wa inchi 27 na humchosha mtoto mkono kabla hajajifunza lolote. Mtafutie ya inchi 21 au 23, wala usikate mpini wa ile kubwa, maana uzito wa kichwa hubaki palepale.

Pigo lenyewe hufundishwa kwa hatua fupi. Mwache binti aurushe mpira ukutani kwa mkono na kuudaka baada ya kudunda mara moja, huku akiudaka kabla haujafika kilele chake. Zoezi hili ni la kuchosha na watoto hulidharau, lakini ndilo linalofundisha jicho, na ningelitumia wiki nzima kabla ya kumpa raketi. Akishapewa, ashike kwa mikono miwili, raketi isipite nyuma zaidi ya nyonga, na mguu wa mbele ukanyage kabla ya pigo wala si baada yake. Utajua amechelewa kwa kutazama kiwiko, kwani mtoto aliyechelewa hukibana kiwiko ubavuni na mpira humponyoka kwenda juu. Kasoro ya mikono miwili ni kwamba hupunguza umbali wa kufikia mpira wa pembeni, na Bartoli alilipia kasoro hiyo kwa kazi ya miguu. Kwa hiyo binti akifika miaka kumi na moja au kumi na mbili na mkono wake ukaona wepesi wa kupiga peke yake upande wa kulia, mwachie.

Kuhusu miguu, Walter Bartoli alijulikana kwa vifaa vyake vya kujibunia: alimfungia binti mipira ya tenisi kwenye visigino vya viatu ili asisimame kwa unyayo mzima, na alimfanyisha mazoezi akiwa amefungwa kamba za mpira zinazomvuta. La kwanza silipendekezi, kwa kuwa kifundo cha mguu hutenguka upesi kwenye saruji, na kuruka kamba kunatosha. La pili ni rahisi Tanga, mji wa baiskeli, ambako hakuna fundi asiyekuwa na rundo la tyubu chakavu. Chagua isiyo na nyufa, ikate sehemu ya valvu, uizungushe kiunoni juu ya kanga iliyokunjwa ili isimchune ngozi, kisha ufunge ncha ya pili kwenye nguzo iliyo nyuma yake. Asogee hatua mbili mbele dhidi ya mvuto, aige pigo bila mpira, kisha arudi taratibu. Dakika kumi zinatosha, jioni baada ya alasiri jua likishapoa, na katika miezi ya kaskazi hakikisha maji yapo karibu.

Sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, haifundishiki uani. Sevu ya Bartoli haikuwa silaha yake kubwa, ingawa pointi ya mwisho ya fainali ya 2013 dhidi ya Sabine Lisicki, aliyoshinda kwa 6-1, 6-4, aliipata kwa sevu ambayo mpinzani hakuigusa. Habari njema ni kwamba sevu haihitaji sakafu nzuri, kwa kuwa anayeipiga hasubiri mdundo. Nenda kwenye kiwanja cha mpira wa miguu cha shule kwa ruhusa, au ufukweni maji yakiwa yamekupwa na mchanga ukiwa mgumu. Funga kamba kwenye miti miwili kwa kimo cha sentimita 91, pima mita 11.89 kwenda nyuma mahali pa kusimama, na mita 6.40 upande wa pili mahali ambapo mpira haupaswi kupita. Upepo wa kusi utasumbua. Binti asiurushe mpira juu sana.

Baada ya miezi kadhaa ya ukuta, tafuta uwanja kamili hata mara moja kwa wiki, na umtafutie binti wapinzani wanaocheza tofauti naye. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama, na hata Walter alikwama. Bartoli alikosa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 kutokana na mvutano na shirikisho la tenisi la nchi yake kuhusu nafasi ya baba yake katika mazoezi. Februari 2013 waliachana kikazi, akaanza kusaidiwa na Amélie Mauresmo, bingwa wa Wimbledon wa 2006, na miezi mitano baadaye akatwaa kombe bila kupoteza seti hata moja, kisha akapanda jukwaani kumkumbatia baba. Mzazi na akubaliane mapema na mwalimu atakayempokea binti, na siku ya mashindano akae mbali na mstari wa nyuma bila kutoa maelekezo.

Kombe hilo la Wimbledon lilikuja katika shindano lake la 47 la ngazi ya juu kabisa, yaani Grand Slam, akiwa na umri wa miaka 28, na tarehe 14 Agosti mwaka uleule alitangaza kustaafu kwa sababu ya maumivu ya mwili. Siku mbili za mapumziko kwa wiki si anasa kwa mtoto. Akilalamikia bega au kiuno, ondoa tyubu kwanza, kisha sevu, na ukuta uwe wa mwisho kusimamishwa, kwa mipira laini na kwa nusu ya muda wa kawaida. Maumivu yakizidi wiki moja, mpeleke hospitali kabla ya kumrudishia raketi.