Somo: Kupima shiti ya gasketi maabara kabla haijaingia kwenye flanji

Wakuu, gasketi ni kile kizibo bapa kinachokaa kati ya flanji mbili, yaani sahani za mwisho wa mabomba zinazofungwa pamoja kwa bolti. Wengi wetu tukiletewa shiti mpya ya gasketi tunaibinya kwa kucha, tunaikunja kidogo, kisha tunasema "hii nzuri". Kucha haitoshi. Gasketi haizibi kwa sababu ni laini. Inaziba kwa sababu bolti zimevutika na bado zinaibana. Kwa hiyo maabara tunatafuta mambo mawili: ikibanwa itajaza mikwaruzo ya flanji kwa kiasi gani, na ikishakaa humo itazilegeza bolti kwa kiasi gani.

Nitakaa zaidi kwenye kipimo cha mkandamizo (inabonyea kiasi gani ikibanwa) na urejeo (inarudi kiasi gani ikiachiwa), kwa utaratibu wa ASTM F36 (ASTM ni shirika linalotoa viwango vya upimaji), kwa shiti za nyuzi zilizoshindiliwa pamoja na mpira.

Angalizo kabla hujashika kisu: shiti ya zamani usiyoijua asili yake usiikate wala kuisugua mpaka ithibitishwe kuwa haina asbesto. Vumbi lake husababisha saratani.

Hatua ya 1. Kata sampuli sehemu tofauti za shiti, angalau tatu. Tumia kikatio chenye makali, kwani mkasi butu unaponda ukingo. Shiti ikiwa nyembamba, panga vipande mpaka unene ufikie mm 1.6, na uandike kwenye ripoti umepanga vingapi.

Hatua ya 2. Kausha kwenye oveni kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi, saa moja, kisha acha zipoe ndani ya desiketa, yaani chombo kilichofungwa chenye kemikali inayonyonya unyevu. Watu wengi wanairuka hatua hii. Niliwahi kupima shiti moja asubuhi na mchana nikapata majibu mawili, nikailaumu mashine siku nzima. Kumbe sampuli za mchana zilikuwa zimelala mezani, nje mvua inanyesha. Nyuzi zinakunywa unyevu, na zikishakunywa zinalainika.

Hatua ya 3. Pima mashine yenyewe. Weka mzigo wote bila sampuli na usome saa ya kupimia (ile yenye mshale inayoonyesha unene, si ya wakati). Fremu na kitako navyo vinanepa kidogo, tuseme mm 0.01. Iandike.

Hatua ya 4. Weka sampuli, shusha mzigo wa awali (N 22.2 kwa kichwa cha mashine kinachobana sampuli, chenye kipenyo cha mm 6.4), subiri sekunde 15, soma unene. Huo ni P.

Hatua ya 5. Ongeza mzigo polepole, bila kuudondosha, mpaka shinikizo lifike takriban MPa 34.5. Shikilia sekunde 60, soma, kisha ongeza ile 0.01 ya fremu. Huo ni M.

Hatua ya 6. Ondoa mzigo mkuu, acha wa awali. Baada ya sekunde 60 soma unene tena. Huo ni R.

Hesabu:
Mkandamizo = (P − M) ÷ P × 100
Urejeo = (R − M) ÷ (P − M) × 100

Mfano: P ni 1.60, saa imesoma 1.43, kwa hiyo M ni 1.44, na R ni 1.53. Mkandamizo ni 10%, urejeo ni 56%. Ukisahau fremu utapata 10.6% na 59%, yaani shiti itaonekana laini zaidi na inarejea vizuri zaidi kuliko ilivyo.

Sasa, kipimo hiki ni cha dakika chache tu. Hakisemi chochote kuhusu gasketi iliyobanwa miezi sita kwenye bomba la moto. Kwa hilo kuna ASTM F38: sampuli inabanwa kati ya sahani za chuma kwa bolti maalumu ambayo urefu wake unapimwa, inakaa kwenye oveni nyuzi 100 kwa saa 22, halafu unaangalia bolti imepoteza kiasi gani cha mvutiko wake.

Kwa nini hili lina uzito? Chukua bolti ya chuma yenye urefu wa mm 100 kati ya kichwa na nati. Ukiikaza mpaka MPa 200 inarefuka mm 0.1 tu. Gasketi ikinywea mm 0.05 baadaye, nusu ya nguvu ya bolti imekwenda, na hakuna nati iliyozunguka.

Kipimo cha kuvumilia mafuta, kwa ufupi: loweka sampuli kwenye IRM 903 (mafuta ya kawaida ya maabara kwa kupimia mpira), nyuzi 150, saa 5, kisha pima unene na uzito vilivyoongezeka.

MASWALI

Swali: Mkuu, sina desiketa. Nifanyeje?
Jibu: Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, chini weka kloridi ya kalsiamu kavu, juu yake wavu wa kushikilia sampuli. Inatosha.

Swali: Flanji zetu zina makovu. Si bora kuweka gasketi nene ya mm 3?
Jibu: Itajaza makovu, lakini gasketi nene inanywea zaidi, na ubavu wake mpana unasukumwa na shinikizo la ndani. Ikiwezekana sawazisha flanji, kisha weka nyembamba kadiri uso unavyoruhusu.

Swali: Kaka, naweza kupima mpira mtupu kwa njia hii?
Jibu: Kwa mpira linaloumiza ni kubanwa muda mrefu ukasahau kurudi. Tumia ASTM D395, njia B: unaubana 25% ya unene kwa muda uliochagua kwenye joto, unaufungua, unasubiri nusu saa, unapima ni kiasi gani cha mbano hakikurudi. Huko namba ndogo ndiyo nzuri, usichanganye na urejeo.

Swali: Karatasi ya sifa iliyokuja na shiti imeandikwa mkandamizo 7–17%. Mimi nimepata 19%. Niirudishe?
Jibu: Ulipanga vipande vingapi, na ulikausha?

Swali: Vinne. Sikukausha, nilikuwa na haraka.
Jibu: Basi usiirudishe kwanza, ndugu. Nafasi kati ya vipande nazo zinabonyea, na unyevu umeongeza lake. Kausha sampuli tatu mpya, panga vichache kadiri uwezavyo, toa wastani. Ikibaki 19%, hapo una la kumwambia muuzaji.