Makala ya utafiti imefungwa? Usilipe kwanza

Ukitafuta utafiti wa lishe au baiolojia ukakuta unadaiwa dola ndipo usome, nakili kichwa cha makala ukakitafute PubMed Central, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 2000. Humo unasoma makala nzima, bure. Usiichanganye na PubMed yenyewe, ambayo mara nyingi hukupa muhtasari tu. Ukikosa, mwandikie mtafiti. Baruapepe yake kwa kawaida imo kwenye makala, na wengi hutuma nakala kwa moyo mkunjufu, kwani ile ada haiwafikii wao. Kwa vyakula vyetu, kama mtama, mchicha na dagaa, mimi huanzia AJFAND, jarida la Nairobi lililo wazi kwa kila msomaji.