Somo: Kubadilisha injini ya jetski, Yamaha 701

Wadau, swali la jinsi ya kubadilisha injini ya jetski nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hata nikiwa soko la Kibuye hapa Kisumu nanunua mboga. Leo naliandika lote. Mtu akiuliza tena, mtumeni hapa.

Naongea juu ya Yamaha 701, ile ya silinda mbili, two-stroke, yenye kabureta. Sea-Doo za four-stroke zina mfumo wao wa kupoza uliofungwa, hizo msizitengeneze kwa somo hili. Na kabla hujatuma pesa ya injini, jua yako ni aina ya 61X au 62T. Zote zinaitwa 701 lakini vipande vyake haviingiliani vyote.

1. Tafuta kilichoua injini ya zamani. Fungua kichwa cha silinda utazame pistoni. Iliyotoboka au kuyeyuka juu ilikosa petroli ya kutosha: kabureta imeziba au hewa inavuja mahali. Kutu kwenye krenki ni maji yaliyoingia. Ikiwa na mikwaruzo kuzunguka pande zote, fikiria joto. Kwetu hapa joto huanza na gugumaji: mizizi inanaswa kwenye wavu wa chini, pampu inakosa maji, na maji ya kupoza injini yanatoka kwenye pampu hiyo hiyo. Matope ya ufuoni nayo hujaa kwenye mipira ya maji. Safisha mipira yote hadi maji yapite bila kizuizi. Usipofanya hivyo, injini mpya itakufa kifo cha ile ya kwanza.

2. Toa betri, kiti, ekzosi na kabureta. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Ziba mpira wa oili.

3. Fungua bolti nne za maunti (miguu inayoshikilia injini), sogeza injini mbele iachane na kaplingi (kiungo cha injini na shafti ya pampu), inua kwa chenibloki. Vile vibati vyembamba chini ya kila maunti, andika kila kimoja kimetoka kona gani.

4. Osha tumbo la mashine. Zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au kunguruma, badilisha beringi na sili yake sasa hivi, maana nafasi hii huipati tena injini ikishakaa.

5. Kunyoosha injini na shafti. Hapa tulieni. Kaplingi ya injini na ya shafti zinakutana na mpira katikati, na watu wengi wakiona zimeingiliana wanakaza na kuondoka. Macho hayatoshi! Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya kaplingi zote mbili, kisha kushoto, kisha kulia. Mwanga ukipita chini ya rula upande mmoja, ongeza au punguza vibati. Zungusha shafti nusu duara upime tena. Kisha kaza bolti kabisa na upime upya, kwa sababu kukaza kwenyewe huisogeza injini. Mwanya kati ya kaplingi uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine yako.

Usiamini vibati vya zamani peke yake. Injini nyingine, maunti nyingine, vipimo vingine. Usipime mashine ikiwa imeegemezwa mawe upande mmoja, ikae sawa kwenye trela. Bolti za maunti zipake dawa ya kuzuia kulegea. Ukiona unga mweusi chini ya kaplingi baada ya safari chache, mpira unasagika: simamisha mashine. Baada ya mpira ni beringi, baada ya beringi ni sili, na sili ikienda ziwa linaingia ndani.

6. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako.

7. Toa hewa kwenye pampu ya oili. Legeza skrubu yake hadi oili itoke bila mapovu. Tangi la kwanza la petroli changanya na oili pia, mililita 400 kwa lita 20, hata kama pampu inafanya kazi.

8. Ukijaribu nchi kavu kwa mpira wa maji: washa injini kwanza, ndipo ufungulie maji. Kuzima, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukigeuza mpangilio huu maji yanarudi kwenye silinda. Bila maji, usipitishe sekunde 15.

MASWALI

Kijana wa Usenge: Fundi, naeza tumia oili ya bodaboda?
Jibu: Hapana. Tumia TC-W3, oili ya two-stroke za majini.

Kijana wa Usenge: Lakini kuna fundi alisema ni sawa tu.
Jibu: Mimi nimesema hapana. Injini ni yako.

Lolwe Rider: Nimefunga yangu jana. Inatetemeka sana lakini inaenda. Ni kawaida?
Jibu: Si kawaida. Uliweka rula?

Lolwe Rider: Nilikaza tu, ilionekana sawa.
Jibu: Fungua, rudia hatua ya 5. Usiirudishe majini kabla.

Mama Trela, Naivasha: Samahani fundi, nimesoma mara mbili. Injini yetu ilitoka Mombasa ikiwa inakimbia vizuri. Huku inatoa moshi, inakosa nguvu ukiongeza mwendo, plagi nyeusi. Tulipima kaplingi, ziko sawa.
Jibu: Asante kwa kupima kwanza, dada. Shida ni mwinuko. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ninyi mko karibu 1,900. Hewa yenu ni nyepesi, lakini kabureta bado inamwaga petroli ya pwani. Kwenye kabureta ya Mikuni kuna skrubu ya mwendo wa kasi: igeuze kuelekea kulia kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, endesha, tazama rangi ya plagi. Ikifika kahawia, acha. Na mkiirudisha Mombasa, rudisheni skrubu kabla ya kuwasha, vinginevyo itakosa petroli na kuyeyusha pistoni.

Mama Trela, Naivasha: Na tukiivuta kwa boti ikikwama?
Jibu: Swali zuri, nililisahau. Bana mpira wa maji ya kupoza kwanza, kisha vuta polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Ukivuta kwa kasi, maji yanasukumwa kupitia pampu hadi ekzosi na kuingia kwenye injini iliyozima. Mkifika ufuoni ondoeni kibanio kabla ya kuwasha.

Nahodha Mbita: Bei ya injini ni ngapi?
Jibu: Siuzi injini.