SOMO: Zabibu, fraise (stroberi) na maembe ya barafu yenye ladha ya bonbon

Zabibu iliyogandishwa vizuri haiwi jiwe. Jino linaingia, ganda linapasuka, na ndani kuna kitu laini kama sorbe. Sababu ni sukari ya tunda lenyewe: hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, sehemu ya maji yake haigandi kabisa. Ukiivika koti jembamba la unga wa jeli, ulimi unakutana kwanza na ukali wa bonbon, halafu utamu wa tunda. Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, joto limepanda na mvua bado haijaamua, watoto hawahitaji kubembelezwa wale matunda ya namna hii.

Kazi ya mikono ni dakika 30, kongelateri (friza) inataka saa 4. Wengi wanaoshindwa hawakosei vipimo, wanakosea maji. Tunda likiwa na maji mengi, unga unageuka sharubati na kugandia kwenye sinia. Likiwa kavu kabisa, unga unadondoka. Unataka tunda lililokauka kwanza, kisha likalowanishwa na wewe mwenyewe, kidogo, kwa kipimo.

Vitu vinavyohitajika

- Zabibu gramu 500, zisizo na mbegu
- Unga wa jeli pakiti 1 ya gramu 80 (ule mkavu unaopikwa kwa maji ya moto, siyo jeli iliyokwisha kushika)
- Maji ya ndimu vijiko 2 vya chai
- Asidi sitriki nusu kijiko cha chai, kama mnapenda ukali wa kukunja uso
- Sinia linaloingia kwenye kongelateri, karatasi ya kuokea, taulo safi mbili, bakuli mbili, mfuko mzito wa kufunga

Zabibu nyingi za sokoni kwetu zinapita mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Afrika Kusini. Kule zinavunwa tangu mwisho wa mwaka hadi karibu mwezi wa nne, kwa hiyo huo ndio wakati wa kuzinunua. Tazama kikonyo: kikiwa bado kijani, zabibu zimevunwa karibuni. Kikiwa cha kahawia na kikavu, zimekaa siku nyingi njiani na zitakuwa laini mno baada ya kuganda.

Hatua ya 1: kuosha. Chambua zabibu moja moja kutoka kwenye kikonyo, tupa zilizopasuka. Osha kwa maji yanayotiririka, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Hapa usifanye uvivu. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu, na tunda hili halitapita kwenye moto hata mara moja. Kichafu kinachoingia kongelateri kinatoka kichafu.

Hatua ya 2: kukausha. Tandaza kwenye taulo, funika kwa taulo ya pili, zungusha kwa kiganja. Ziache wazi dakika 15. Ukitaka kuhakikisha, chukua zabibu moja uigeuze juu chini, utazame kile kishimo mahali kikonyo kilipong'oka. Mara nyingi kuna tone la maji limejificha pale, na ndipo baadaye utaona doa la sharubati. Futa kwa ncha ya kitambaa.

Hatua ya 3: kulowanisha. Weka zabibu kwenye bakuli, nyunyiza vijiko 2 vya maji ya ndimu, tikisa bakuli mpaka zote zing'ae. Zing'ae tu. Ukiona maji yamekusanyika chini ya bakuli, yamwage. Ndimu inafanya kazi mbili: inashikisha unga, na uchachu wake unafanya ladha ya jeli isiwe ya sukari tupu.

Hatua ya 4: kuvika. Usimwage pakiti nzima juu ya zabibu, hili ndilo kosa linaloharibu unga mwingi. Changanya unga na asidi sitriki, mimina vijiko 3 vya supu kwenye bakuli la pili lililo kavu, tia zabibu 15 hivi, zungusha bakuli kwa mkono kama mtu anayepepeta mchele. Sekunde 10 zinatosha. Zitoe kwa uma, ziweke kwenye sinia lenye karatasi bila kugusana, endelea na kundi lingine. Unga wa bakuli ukianza kufanya madonge, uchekeche au uongeze mkavu. Vidole vibaki vikavu: mkono mmoja kwa zabibu zenye ndimu, mwingine kwa zilizovikwa.

Hatua ya 5: kugandisha. Ingiza sinia mara moja. Kila dakika inayopita mezani, sukari ya unga inavuta unyevu wa hewa na wa tunda. Liwe sawa, lisiegemee, lisiguse ukuta wenye theluji. Saa 3 hadi 4 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama kongelateri imejaa nyama mbichi, matunda yakae juu, nyama chini, isije ikadondosha damu.

Hatua ya 6: kuhifadhi. Zikishakuwa ngumu, zihamishe kwenye mfuko, kamua hewa yote, funga. Zinakaa hata miezi 2 bila kuharibika, ila koti linakuwa zuri katika wiki 2 au 3 za kwanza. Baada ya hapo theluji ndogondogo inalifunika na rangi inafifia.

Matunda mengine

Zabibu ni rahisi kwa sababu ganda lake linafunga maji ndani. Tunda lililokatwa ni jambo lingine. Sukari ikigusa nyama ya embe inavuta maji yake nje, na katika dakika 5 una bakuli la sharubati ya rangi. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio: gandisha kwanza, vika baadaye.

Embe lililoiva lakini bado gumu, likate vipande vya sentimita 2. Panga kwenye sinia, gandisha saa moja na nusu mpaka nje pawe pagumu. Toa vipande 10 tu kwa wakati mmoja. Mvuke wa hewa utatua juu yake na kufanya ukungu mweupe, na ukungu huo ndio gundi yako, huhitaji ndimu. Vika upesi, rudisha. Nanasi linafuata njia hiyohiyo. Fraise pia, lakini ioshe ikiwa bado na majani yake, kisha ndiyo uyang'oe; ukiyang'oa kwanza, maji yanaingia katikati na hayatoki. Ndizi ikatwe vipande vinene, ipakwe ndimu kabla ya kugandisha isije ikawa nyeusi. Tikiti maji lina maji mengi na sukari kidogo kuliko zabibu, linakuwa barafu la kuvunja meno. Likate dogo sana au uliache. Na masuku (matunda ya porini) usihangaike nayo, ganda na mbegu vinachukua nafasi yote. Yaliwe vilevile yalivyo.

Unga wa nyumbani, jeli ikikosekana

Saga vijiko 6 vya supu vya sukari kwa kinu au mikseri mpaka iwe laini kama vumbi. Changanya na vijiko 2 vya supu vya unga wa juisi, nusu kijiko cha chai cha asidi sitriki, na kijiko 1 cha chai cha maizena (wanga wa mahindi). Maizena inakunywa unyevu, koti halilii upesi. Onja kabla ya kuvika: baadhi ya unga wa juisi una vitamu bandia vyenye nguvu, na vijiko 2 vinaweza kuacha uchungu nyuma ya ulimi. Ukiusikia, rudi kijiko 1. Sukari isiyosagwa inashika vibaya na inabaki mchanga mdomoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Katuba: Aksanti kwa somo. Huku kwetu courant (umeme) inakatika hata siku nzima. Nitajuaje kama matunda yaliyeyuka usiku yakaganda tena?

Jibu: Mama, gandisha kikombe cha maji, kisha weka nati au kifungo cha chuma juu ya barafu na ukiache humo kongelateri. (Wengine duniani wanatumia sarafu, sisi hatuna za kutumia.) Ukikuta nati imezama, barafu iliyeyuka. Matunda yenyewe pia yatakuambia: yameshikana donge moja, koti limekuwa kioo chenye kunata, na zabibu imenywea. Yakiganda upya polepole, chembe za barafu zinakuwa kubwa na kutoboa nyama, ndiyo maana yanakuwa majimaji ukila. Kongelateri iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, inashika baridi karibu saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji. Kama yameyeyuka na kupata joto la nyumba kwa saa nyingi, usiyagandishe tena.

Mwanafunzi, Kasapa: Nina frigo ndogo yenye kisanduku cha barafu ndani. Nilijaribu, zabibu ziliganda lakini koti linabaki bichi, linanata vidoleni.

Jibu: Tazama nyota kwenye mlango wa kisanduku. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Kwenye nyota moja maji yanaganda, lakini sharubati nzito ya sukari haigandi, na koti lako tayari ni sharubati. Punguza ndimu iwe kijiko 1 cha chai, tumia unga wa nyumbani wenye maizena, tengeneza gramu 200 tu, na zile siku hiyohiyo. Ukuta ukiwa na theluji nene kuliko kidole, yeyusha kwanza. Theluji hiyo inazuia baridi.

Dada wa Ruashi: Kuna nguruwe ndani ya jeli? Sisi ni Waislamu.

Jibu: Jelatini, ile inayoshikisha jeli, inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, wa ng'ombe au wa nguruwe, na kwa macho huwezi kutofautisha. Soma pakiti, tafuta alama ya halali. Kama haisemi kitu, usibahatishe, chukua unga wa nyumbani. Hapa jelatini haifanyi kazi kubwa: ladha inatoka kwenye sukari, asidi na manukato.

Muuzaji, Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi): Nataka kuuza kwa vifuko karibu na shule. Kwenye glasière (sanduku la kutunza baridi) yenye barafu zinalegea baada ya saa moja. Tatizo nini?

Jibu: Ndugu, barafu ya kawaida inayoyeyuka iko kwenye sifuri, na sifuri ni joto kwa zabibu yenye sukari. Unahitaji kitu baridi zaidi. Futa gramu 200 za chumvi katika lita 1 ya maji, jaza chupa za plastiki, acha nafasi juu kwa sababu barafu inatanuka, gandisha usiku kucha. Maji hayo yanaganda karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na yakiyeyuka yanabaki hapo muda mrefu. Panga chupa chini, pembeni na juu, vifuko katikati. Chupa inayovuja itoe, tone moja la maji ya chumvi linaharibu kifuko kizima. Weka vifuko vya zabibu 10 au 12; mteja akikaa na kifuko kikubwa juani, nusu itakuwa uji kabla hajamaliza.

Mama wa Kampemba: Mtoto wangu ana miaka miwili, anaweza kula?

Jibu: Nzima, hapana. Zabibu nzima inalingana na koo la mtoto mdogo, na ikiwa imeganda inateleza na haikubali kutafunwa. Chini ya miaka 5, ikate vipande vinne kwa urefu (siyo kwa upana, kwa sababu nusu ya duara bado inaziba), iache ilainike kabisa, mtoto akae chini akila na mtu mzima awe mbele yake. Kwa wa miaka miwili ni bora bila unga: sehemu kubwa ya uzito wa pakiti ile ni sukari. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye ugonjwa wa sukari nyumbani apewe zilizogandishwa tupu.

Mama wa Kampemba: Aksanti. Na unga uliobaki? Nilipika jeli na ule uliobaki kwenye bakuli la nanasi, nikatia na vipande vya nanasi, hata kesho yake ilikuwa haijashika.

Jibu: Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata jelatini vipandevipande. Papai pia. Kwenye kuvika hakuna shida kwa sababu hatungoji jelatini ishike, lakini kwenye jeli ya bakuli kinashinda kila mara. Chemsha vipande vya nanasi dakika chache kabla ya kuvitia, au tumia la kopo, ambalo limeshapita motoni. Na unga uliogusa tunda lenye maji usiurudishe kwenye pakiti. Upime kwa mzani na uupike siku hiyo: kama pakiti yako ya gramu 80 inataka nusu lita ya maji, gramu 40 zilizobaki zinataka robo lita.